"Tuko pamoja?" "Tupooo!" Swali linaloua darasa la watu wazima

Kuna swali moja ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku kwenye semina zote za nchi hii. "Tuko pamoja jamani?" Na ndugu zake wote, "mmeelewa?", "tunaenda sawa?", "si ndiyo?". Maana jibu lake unalijua kabla hujauliza, ukumbi mzima kwa sauti moja "tupooo", hata yule bibi wa pale nyuma aliyekuwa anasinzia tangu saa nne naye anaitikia, tena kwa nguvu kuliko wote. Mwezeshaji anafurahi, anafunua karatasi nyingine ya flipchati, safari inaendelea. Afu mradi ukiisha watu wanakuja kuangalia maghala wanakuta mahindi yametobolewa vilevile kama mwaka juzi, na kwenye ripoti inaandikwa wakulima ni wagumu kubadilika. Wagumu wapi, hakuna aliyewahi kujua kama walielewa.

Mimi nazunguka na vikundi vya wakulima, zaidi upande wa Dodoma na Morogoro, mada yangu kubwa ni mahindi baada ya kuvunwa, yaani kukausha, kuchambua, kuhifadhi, wadudu, sumukuvu (ile sumu ya fangasi). Kwahiyo mifano yangu mingi itanuka mahindi, ila ukiwa unaendesha kikundi cha hisa au darasa la kina mama wajawazito kliniki nadhani utajikuta humohumo.

Sasa kwanini watu wazima wanasema tupo wakati hawapo? Sio uongo, ni adabu. Shuleni tulilelewa hivyo, mwalimu akisema mmeelewa unasema ndiyo mwalimu, ukisema hapana unasimama peke yako na darasa zima linakugeukia. Mikutano ya hadhara nayo ni oyee tu mwanzo mwisho. Ongeza na hili: kwenye kikundi cha kijijini mtu amekaa na mkwe wake, na shemeji yake, na mtu anayemdai, na mjumbe wa serikali ya kijiji, na wewe mgeni umekuja na gari. Mtoto akisema sijaelewa hapotezi kitu, anachekwa wanaenda mapumziko wanasahau. Baba mwenye wajukuu akisema sijaelewa jinsi ya kufunga mfuko wa mahindi, wakati kalima mahindi miaka arobaini, hiyo habari inafika kilabuni kabla yake. Kwahiyo anaitikia, na mimi ningeitikia.

Basi kama huwezi kuuliza, utajuaje? Unawapa kitu cha kufanya afu unaangalia mikono. Hapo ndo nilipokita mimi. Mkono haujui adabu, ukikosea kufunga unaonekana umekosea kufunga.

Chukua suala la unyevu. Unaweza kusimama ukasema mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, ukaandika ubaoni, ukapigia mstari, ukauliza tuko pamoja, tupo. Asilimia ya nini? Mtu anakuangalia tu. Sasa badala yake mwambie kila mtu siku inayofuata aje na mahindi kidogo kutoka kwenye rundo lake mwenyewe, konzi mbili tatu zinatosha, na wewe njoo na chumvi kavu na chupa za kioo zenye vifuniko, zikauke vizuri kabisa. Unajaza mahindi kama theluthi moja ya chupa, unaweka vijiko viwili vitatu vya chumvi, unafunga, unatikisa kama dakika moja, unaiacha itulie dakika kumi na tano. Ukirudi ukakuta chumvi imenata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Ikibaki inateleza chini kavu, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi.

Zile dakika kumi na tano ndo somo lenyewe. Usizijaze na maneno yako! Watu wanakodolea chupa, wanabishana, huyu anasema yangu niliyaanika siku nne haiwezekani, yule anasema uliyaanika kwenye udongo we mzee lazima yanyonye maji, mwingine anataka kurudia na chumvi nyingine kwa sababu hii ya mwalimu ina maji. Mwache arudie. Tena mambo yote uliyotaka kuyasema kuhusu turubai, kugeuza, kuanua jioni kabla ya umande, yatasemwa na wao wenyewe ndani ya ubishi huo, wewe kazi yako inabaki kuongeza kile kisichoonekana kwenye chupa, kwamba chumvi ikikauka umefika 15 tu na ghala linataka 13.5, kwahiyo bado jua linahitajika. Na hapo ukiitaja hiyo 13.5 mtu anaishika, kwa sababu sasa ina mahali pa kukaa.

Wenye shamba darasa walilijua hili zamani. Huu utaratibu ulianzia Indonesia mwaka 1989, huko Java, wakulima wa mpunga walikuwa wanasumbuliwa na mdudu wa kahawia anayefyonza mpunga na kadiri walivyopuliza dawa ndivyo alivyozidi kwa sababu dawa ilikuwa inaua na wadudu waliokuwa wanamla. Wakakusanywa kwenye vikundi vya watu ishirini hadi thelathini hivi, kila wiki wanaingia shambani msimu mzima, wanahesabu wadudu, wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, kikundi kinasimama kinaeleza mchoro wake na wenzao wanauliza. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliusambaza na katikati ya miaka ya 1990 ukawa umefika kwetu Afrika Mashariki. Kuna kanuni moja ya pale naipenda sana. Mkulima akikuletea mdudu akauliza huyu nani, humjibu jina. Unamuuliza umemkuta wapi, alikuwa anafanya nini, walikuwa wangapi, unadhani anakula jani au anakula wadudu wenzake? Afu mnamweka kwenye chupa na jani na wadudu wengine mnaangalia kesho yake nani kamla nani.

Mimi hiyo naifanyia dumuzi. Unajua dumuzi, yule mdogo mweusi anayegeuza gunia la mahindi kuwa unga, wengi wanamwita Scania, wenzetu Kenya wanamwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati, kwetu alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini mimi sisemi hayo mwanzoni. Naingia nauliza tu, jamani Scania aliingia lini kijiji hiki? Ndugu yangu, wazee wanaamka! Mmoja atakwambia mwaka fulani, mwenzake atakataa, hapana ulikuwa mwaka ule wa njaa, mama fulani atasema ghala la baba yake lilidondoka kwa sababu mdudu alikula hadi miti ya ghala, na ni kweli kabisa, dumuzi anatoboa mpaka mbao. Nusu saa inapita, hujafundisha kitu, ila tayari unajua nani anaheshimika kwa kumbukumbu, nani alijaribu majivu, nani alijaribu mwarobaini, nani anapuliza dawa asiyojua jina lake ambayo aliuziwa ikiwa kwenye chupa ya soda. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko slaidi zako zote, na usingeipata kwa kuuliza "kuna mwenye swali?"

Lakini hapa kuna kitu sikubaliani na baadhi ya wawezeshaji wenzangu, hasa wale waliotoka kwenye kozi wakaambiwa mtu mzima asifundishwe, awezeshwe tu, kila kitu kitoke kwake. Hapana. Kuna mambo hayamo kwenye uzoefu wa mtu yeyote kwa sababu hayaonekani. Sumukuvu haina rangi unayoiona, haina ladha, haina harufu, hauoni hata kama ipo, na ukichemsha ugali haitoki, moto wa jikoni hauiwezi. Mwaka 2004 kule Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 wakafa 125. Kwetu 2016 ilikuwa Dodoma na Manyara, wakafa watu 20. Sasa unataka kukaa kwenye duara na kuuliza "mnadhani nini kiliwaua?" ili watu wabuni buni, atokee wa kusema ni uchawi, halafu useme asante kwa mchango wako? Hapa sema. Simama, ongea kwa ufupi na kwa uwazi, fangasi wanaingia kwenye mahindi yaliyokaa na unyevu, wanatengeneza sumu, sumu haipikiki, kuyasagia pombe hakuitoi, kumlisha ng'ombe nako sehemu inarudi kwenye maziwa. Dakika kumi. Watu wazima hawachukii kuambiwa, wanachukia kuambiwa kile wanachokijua tayari, na kwa muda mrefu.

Halafu baada ya hizo dakika kumi, mikono tena. Naleta beseni la mahindi mchanganyiko, mazima, yaliyovunjika, yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, vikundi vya watu watano watano, tenga yale ambayo usingempa mjukuu wako. Kuchambua kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa maana mara nyingi imejikusanya kwenye punje chache mbovu. Utaona vikundi viwili vimetenga tofauti kabisa, na hapo ndo unauliza swali la maana, kwanini nyie mmeliacha hili na wenzenu wamelitupa? Hakuna wa kuitikia tupo hapo, lazima mtu afungue mdomo ajieleze.

Kuna watu wanadhani haya mambo ya vikundi na majadiliano yameletwa na miradi ya wazungu juzijuzi. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo wazazi wetu wengi wanaikumbuka hata wimbo. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walipewa mafunzo nchi nzima na inakadiriwa washiriki walifika milioni 2. Utaratibu ulikuwa rahisi, mnakaa kikundi, mnasikiliza kipindi cha redio, anayejua kusoma anasoma kitabu kwa sauti, mnajadili, mnaamua cha kufanya kijijini kwenu, mnaenda mnafanya. Kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Wiki inayofuata tena, wiki kumi na mbili. Ukiangalia, kipimo cha kuelewa pale hakikuwa mkono juu, ni choo kimechimbwa au hakijachimbwa. Na kiongozi wa kikundi wala hakuwa mtaalamu wa afya, alikuwa mtu wa palepale, kazi yake kuhakikisha watu wanaongea na wanafika kwenye uamuzi. Sisi leo tuna projekta na bado tunauliza tuko pamoja.

Haya, mambo ya mkao na muda, nitayapitia harakaharaka maana mengi ni akili ya kawaida. Usipange siku ya mnada, usipange asubuhi msimu wa palizi, uliza wao wanataka saa ngapi, na wakisema saa nane ujue ni saa tisa. Viti vikikaa kwa mistari kama darasani watu watafanya ya darasani, panga duara, chini ya mti ni bora kuliko ofisi ya kijiji kwa sababu ofisini kuna meza ya mwenyekiti na ile meza inanyamazisha watu. Watu ishirini na tano mwisho. Wakizidi wamegeuka mkutano, gawa.

Ila la wanawake silipitii haraka. Ukiwaweka wote pamoja ukauliza swali, wataongea wanaume watatu, kina mama watatazama mikeka. Halafu nani anaanua mahindi jioni? Nani anapembua? Nani anapeleka mashineni? Mama. Nani ana ufunguo wa stoo na anaamua gunia liuzwe lini? Mara nyingi baba. Kwahiyo unafundisha kufunga mfuko kwa mtu asiyeufunga, na kukausha kwa mtu asiyekausha. Ninachofanya nawatenganisha mwanzoni kabisa, kina mama kivyao, kina baba kivyao, wote kazi moja: choreni hatua za mahindi kuanzia shambani mpaka sahani, na kila hatua wekeni jiwe kwa anayefanya na kijiti kwa anayeamua. Wakirudi pamoja tunaweka zile picha mbili chini pembeni kwa pembeni. Mara ya kwanza nilipofanya hivi mama mmoja wa makamo aliangalia picha ya wanaume akasema taratibu tu, "kumbe baba zetu nyie mnapembua mahindi, hatukujua", uwanja ukalipuka kwa kicheko mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na aibu tena, na sikuhitaji kuhubiri habari ya jinsia hata sentensi moja.

Mjuaji naye. Kila kikundi kina wake, alishahudhuria semina Morogoro mjini mwaka fulani na ana kofia ya hiyo semina. Watu wanashauri umpe kazi ya kutunza muda, mimi sioni kama inasaidia, anatunza muda wa wenzake. Natumia gunzi. Mwenye gunzi mkononi ndo anaongea, akimaliza anampa mtu ambaye hajaongea, sio jirani yake. Ni upuuzi ukiusikia lakini mtu mzima akikabidhiwa kitu mkononi na wote wanamtazama ataongea tu, hata maneno matano. Kwa wazee ni tofauti kidogo, mzee huwezi kumkata, ukimkata umeua darasa lote, kwahiyo mzee akianza historia ndefu nasubiri apumue afu namwambia, "mzee wangu hapo ulipofika ndipo tunapotaka, hebu vijana wajibu hilo ulilolisema." Anaridhika, na kweli vijana wanajibu.

Hesabu nazo usizifanye wewe. Ile mifuko ya tabaka tatu, ya PICS na nyingine za namna hiyo, miwili ya plastiki ndani na kiroba nje, inayozuia hewa ili wadudu wafe, bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida na hapo ndipo watu wanapogoma, na wana haki ya kugoma. Mtaalamu anaandika ubaoni faida asilimia kadhaa. Mimi nawapa punje za mahindi, punje moja ni shilingi elfu moja. Weka hapa bei ya gunia mwezi wa saba kwenu, sio bei yangu, ya kwenu. Weka bei ya mwezi wa kwanza. Toa bei ya mfuko. Toa debe alilokula Scania kwa yule asiyetumia mfuko. Sasa baba fulani unayehitaji ada ya mtoto mwezi wa saba, utafanyaje? Hapo ugomvi mzuri unaanza, maana wengine kweli hawana uwezo wa kusubiri mpaka Januari na mfuko hauwasaidii chochote, wanalazimika kuuza sasahivi, na darasa la kweli lazima liwape nafasi ya kulisema hilo bila kuonekana wagumu kubadilika. Kikundi kimoja kwenye mjadala kama huo kilifikia kwamba kila mtu ahifadhi magunia mawili tu, mengine yauzwe. Kwenye mwongozo wa mradi hiyo haimo. Mimi niliona ni uamuzi wenye akili kuliko mwongozo.

Kuhusu posho sitaki kuongea sana maana nitagombana na watu, ila mtu akiacha palizi lake siku nzima amekula hasara na hilo ni jambo la haki, tatizo ni pale posho inapokuwa sababu ya kuja. Nikipewa uamuzi nafanya vikao vifupi, vya masaa mawili, karibu na kwao, chai na viazi, basi. Kikao cha masaa mawili mara moja kwa wiki kinashinda semina ya siku tatu hotelini, kwa sababu katikati ya wiki mtu anaenda kujaribu na anarudi na matatizo ya kweli.

Na matatizo ya kweli ndo haya. Siku ya kufunga mfuko kila mmoja anafunga wake mbele ya wenzake, anapuliza plastiki kwanza aone kama haijatoboka, anajaza, anakamua hewa, anasokota, anakunja, anafunga kamba, tabaka la kwanza peke yake, la pili peke yake, na kiroba mwisho. Mfuko mmoja wa kikundi tunauandika tarehe tunauacha kwa mtu asiye na watoto watundu. Ukifika muda wa kuufungua mimi siushiki. Anafungua mwanakikundi aliyekuwa anabisha kuliko wote, anamwaga kwenye turubai, watu wanachota, wanatafuna, wanahesabu mashimo. Kuna kikundi tulikuta wadudu wazima ndani, watu wote wakanigeukia, nikakaa kimya tu nikawaachia mfuko. Wakaukagua wenyewe tabaka kwa tabaka mpaka binti mmoja akakiona kitundu kwenye kona, panya, akasema ndo maana mimi wangu niliuweka juu ya chaga, na mfuko wake ukaletwa ukafunguliwa palepale.